Wana wa Benaco, Shikeni Sindano

Hapa njia panda ya Benaco, Ngara, kila kitu kinapita. Semi zinakata kwenda Rusumo kuingia Rwanda, zingine zinaelekea Kobero, Burundi. Mtumba nao unamwagwa chini, kila mtu anachambua rundo lilelile, mwisho wa siku kitaa kizima pamba zinafanana. Unataka kuwaka kivyako? Tafuta sindano, uzi mgumu, mkasi mkali na futikamba. Cherehani itakuja baadaye.

Na malighafi tunayo, msichukulie poa. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda walipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Huku kwetu mtumba bado unamwagwa, na hata jinzi iliyochanika goti ni mali. Twende kazi.

Mchongo wa 1: Begi la jinzi

Rambo za plastiki zilipigwa chini Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo begi la kitambaa halikwepeki. Kata mguu wa jinzi pana kuanzia pajani, urefu sm 40. Ugeuze ndani nje, ufunge upande mmoja kwa mshono wa kurudi nyuma: kila ukichoma, sindano irudi pale mshono uliopita ulipoishia, kisha itokee mbele. Uzi uwe mara mbili. Hapo hata ukibeba sukari na madaftari, hakifumuki kitu.

Mdomo wa begi upinde mara mbili. Mkanda je? Chukua kiuno cha jinzi hiyohiyo, maana kimeshashonwa tabaka mbili. Kila ncha ishonee mraba wenye msalaba katikati. Ndo inashika kinoma.

Mchongo wa 2: Mto wa gheto

Kanga ya zamani ya maza inafaa sana, ila muombe kwanza. Kwa mto wa sm 40 kwa 40, kata kitambaa sm 43 kwa 100. Pinda ncha mbili fupi, sm 2.5 kila moja. Laza upande mzuri juu, kunja hizo ncha zije katikati zipandane sm 15, halafu shona pande mbili zilizobaki wazi, ukiacha sm 1.5 pembeni. Geuza, ingiza mto. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Kipande kimoja cha kanga kinatoa foronya tatu. Ukitaka jina la kanga lisomeke, panga vipimo kabla mkasi haujagusa.

Mchongo wa 3: Shati la mtumba likukae

Livae ndani nje, mshkaji akubanie pini kuanzia kwapani kushuka chini. Vua, piga bandi kwa mkono, livae tena. Inua mikono, kaa chini, inama kama unapanda boda. Likikubana, legeza. Likikaa fresh, shona mshono wa kudumu, ndo ukate kilichozidi. Vipande usitupe: viweke kwa ndani pale goti la jinzi lilipochanika, ushone kuzunguka kwa uzi wa rangi inayoonekana. Kiraka kinageuka swaga.

Kuna msela atasema hizi ni kazi za wamama. Haya, tuwaangalie hao wamama. Hapa Ngara kuna WomenCraft, inayofanya kazi na wanawake wasusi wa ukanda huu wa mpakani, na vikapu vyao vinauzwa mpaka nje ya nchi. Mikono ya huku imeshatoboa. Kilichobaki ni sisi kukomaa. Anza na vya kwako, ukishanyoosha mshono mshonee jirani, halafu peleka mito kwa madereva wanaolala kwenye semi zao hapahapa Benaco.

Na kitu kimoja cha mwisho, wana. Dunia ililisikia jina la Benaco mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda takriban 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya saa 24. Historia hiyo tunaiheshimu. Ila kuna sura nyingine ya kwetu, na ni sisi wa kuionesha. Ukimaliza begi lako, lidarizi BENACO mbele, herufi kubwa, uzi mwekundu. Likipanda semi hadi Kigali au Dar, watu wajue kuna vijana huku wanaotengeneza vitu vikali.