Mafua ya Msimu wa Baridi na Njia za Kujikinga

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi katika Kenya. Huko Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu ukungu hutanda tangu alfajiri, na hata Nairobi pengine jua halionekani kutwa nzima. Wakati huo kikohozi na chafya husikika katika nyumba nyingi. Watu husema, "Ni baridi tu, itapita." Ni kweli kwamba mara nyingi hupita, lakini si kila mara, wala si kwa kila mtu. Kwa hiyo yafaa tujue maradhi haya ni nini, huenezwaje, na jinsi ya kuyazuia.

MARADHI MAWILI

Kuna maradhi mawili ambayo watu huyachanganya. Ya kwanza ni mafua ya kawaida. Kamasi hutoka, koo huwasha, mtu hupiga chafya, lakini aweza kuendelea na kazi yake, na baada ya siku saba hadi kumi hupona. Ya pili ni homa ya mafua. Hii huja kwa ghafula: asubuhi mtu ni mzima, jioni anatetemeka, kichwa chamwuma, viungo vyote vimelegea, na joto la mwili limepita digrii 38.

Yote mawili huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Virusi viletavyo mafua ya kawaida ni vya aina zaidi ya 200, ndiyo sababu mtu aliyepona mwezi huu aweza kuugua tena mwezi ujao. Virusi vya homa ya mafua navyo hubadilika mwaka hata mwaka.

Homa hii si ya kudharauliwa. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa garimoshi, ikafika vijijini na kuua watu wengi sana. Katika ulimwengu mzima waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

JE, BARIDI NDIYO ILETAYO MAFUA?

Watu wengi hudhani hivyo. La, baridi peke yake haizai mafua. Pasipo virusi hapana mafua. Lakini baridi huvisaidia virusi. Watu hufunga madirisha, hukusanyika katika chumba kimoja, husafiri katika matatu iliyofungwa vioo vyote. Mgonjwa mmoja akikohoa, matone madogo ya mate hutawanyika, na jirani zake huyavuta kwa pumzi. Mengine huangukia mikono, kikombe au kitasa cha mlango; mwenye kuvigusa, kisha akajigusa pua, macho au mdomo, amejitia maradhi mwenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni kwa muda wa sekunde 20, hasa kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi. Pasipo bomba, kibuyu chirizi chatosha.

2. Ukikohoa au kupiga chafya, jifunike kwa kitambaa, au kwa kiwiko kilichokunjwa, si kwa kiganja. Wala usiteme mate ovyo.

3. Fungua dirisha, hata kwa kiasi kidogo, ili hewa ipite. Afadhali kuvaa sweta kuliko kukaa katika hewa iliyovunda.

4. Ukiugua homa ya mafua, kaa nyumbani. Mtoto mwenye homa asipelekwe shule. Ikikulazimu kutoka, vaa barakoa.

5. Ulizeni hospitalini habari ya chanjo ya homa ya mafua. Huchanjwa kila mwaka, kwa kuwa virusi hubadilika. Yawafaa hasa wazee, wanawake wajawazito, watoto wadogo, na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo.

HATARI YA JIKO LA MAKAA

Hapa twasema kwa mkazo. Watu wengine, kwa kukimbia baridi, huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haisikii, na yaweza kumwua kabla ya mapambazuko. Mafua hupona, mauti hayaponi. Toeni jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yaonekana yamekwisha kuwa majivu.

HABARI YA DAWA

Dawa za kuua bakteria, kama vile penisilini, haziui virusi. Kuzinunua dukani kwa ajili ya mafua ni kupoteza fedha, na zaidi ya hayo huzoesha bakteria, hata siku ya haja dawa isifanye kazi. Mgonjwa na apumzike, anywe maji, uji na supu kwa wingi, na apewe dawa ya kutuliza homa kwa kipimo kilichoandikwa. Watoto wasipewe aspirini. Asali yaweza kutuliza kikohozi, lakini asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mafua yaweza kugeuka nimonia. Basi mtoto akipumua mbiombio, au kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Kadhalika mtu mzima mwenye maumivu ya kifua, anayepumua kwa shida, au ambaye homa ilimwacha kisha ikamrudia kwa nguvu.

Sabuni, kitambaa na dirisha lililo wazi ni vitu vya gharama ndogo. Kila mwenye nyumba na avitumie tangu mwanzo wa msimu, asingoje mpaka watu wote wa nyumba yake wawe wamelala kitandani.