Ukuta Uliomshinda Speke

Msafiri atokaye Juba kwenda Nimule hupita Nesitu, mashariki ya Mto Nile. Ni pande hizi alizopita Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1863, pamoja na James Grant na Sidi Mubarak Bombay, wakielekea Gondokoro. Katika safari hiyo ndefu Speke aliwinda vifaru na nyati, akarudi kwao mzima.

Kilichomshinda ni ukuta mfupi wa mawe. Tarehe 15 Septemba 1864, karibu na mji wa Bath, Uingereza, alikuwa akiwinda kwale. Alipoupanda ukuta huo, bunduki yake ya marisau ilifyatuka ikampiga kifuani. Punde si punde akafariki. Marisau yatokayo karibu huwa hayajatawanyika. Hupiga kwa pamoja kama risasi moja kubwa.

Basi mwindaji na azingatie haya. Mtutu usimwelekee mtu kamwe, na kidole kisiguse kifyatulio mpaka shabaha ionekane wazi. Waongozanapo njiani, wa mbele asibebe bunduki begani mtutu ukimtazama wa nyuma. Afikapo penye ukuta, gogo au mtaro, aifungue bunduki, atoe risasi, ailaze ng'ambo mtutu ukielekea mbali naye, ndipo avuke. Asiivute kwa kushika mtutu. Wakiwa wawili, mmoja ashike bunduki zote zilizokwisha kutolewa risasi, mwenziwe avuke kwanza.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii ya ukutani inayo, nayo haichukui hata dakika moja.