Ufanano na Nasaba: Desturi za Krismasi katika Mizani ya Elimu ya Mageuko

Kila Desemba inapokaribia, hudaiwa magazetini, mimbarini na vijiweni kwamba mti wa Krismasi, mishumaa, zawadi na matawi ya kijani ni mabaki ya sikukuu za kipagani, hasa ile ya Waroma iliyoitwa Saturnalia, ambayo ilianza tarehe 17 Desemba na kuendelea kwa siku kadhaa za karamu, zawadi na mabwana kuwaandalia watumwa wao chakula. Dai hilo husimama juu ya hoja moja, kwamba mambo haya yanafanana na kwa hiyo yana ukoo mmoja. Wanabiolojia wameshughulika na hoja ya aina hiyo kwa zaidi ya karne moja na nusu, na kanuni walizojiwekea za kutenganisha ufanano wa ukoo na ufanano unaoletwa na mazingira zinafaa kabisa kupimia asili ya desturi za majira ya baridi ya kaskazini.

Elimu ya mageuko, yaani elimu inayochunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, ilipata msingi wake wa kisasa katika maandiko ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace yaliyosomwa London mwaka 1858, na mwaka uliofuata Darwin akaufafanua kwa mapana katika kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Hoja yao ni kwamba viumbe wa spishi moja hawalingani kwa kila kitu, na kwamba baadhi ya tofauti zao hurithiwa na watoto. Kwa kuwa wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi hadi kuzaa, wale ambao tofauti zao zinawafaa zaidi mahali walipo huacha watoto wengi zaidi, na sifa zao huenea. Huo ndio uteuzi asilia. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba uteuzi asilia hauanzi upya kila mara, bali hufanyia kazi kile kilichorithiwa, na ndiyo maana mkono wa binadamu, bawa la popo na pezi la nyangumi vina mpangilio uleule wa mifupa ingawa kazi zake zimeachana kabisa. Ufanano wa aina hiyo huitwa ufanano wa nasaba.

Kuna ufanano mwingine usio na nasaba. Papa na pomboo wanalingana kwa umbo lililochongoka na kwa pezi la mgongoni, lakini papa ni samaki anayevuta hewa ya majini kwa matamvua, ilhali pomboo ni mamalia mwenye mapafu anayenyonyesha mtoto wake, na mababu wa pomboo waliishi nchi kavu. Umbo lao limelingana kwa sababu maji humlazimisha kila anayeogelea kwa kasi kuchukua umbo linalopenya, na hali hiyo, ya koo mbali mbali kufikia jibu moja, huitwa mageuko ya kukutana. Mtaalamu anayetaka kujua ni ufanano upi ulio mbele yake hatazami umbo la jumla, ambalo ndilo linalodanganya zaidi. Hutafuta mlolongo wa hatua za kati, na hutafuta vijisehemu ambavyo kazi ya sasa haivihitaji, kama mifupa midogo ya nyonga iliyobaki ndani ya mwili wa nyangumi asiye na miguu ya nyuma.

Katika nchi za kaskazini mazingira yenyewe huwasukuma watu kuelekea jibu moja. Mwishoni mwa Desemba mchana wa London huwa na saa zisizofika 8, na kaskazini zaidi, ndani ya duara la Aktiki, jua halichomozi kabisa. Mazao yameshavunwa, nyama inahifadhika kwa baridi, na kazi za shamba zimesimama. Miti mingi hupukutisha majani, ila jamii ya misonobari hubaki kijani, kwa kuwa majani yake membamba kama sindano yamefunikwa nta nzito inayozuia maji kupotea, na mirija yake ya maji ni myembamba kiasi kwamba viputo vya hewa vinavyojitokeza maji yanapoganda na kuyeyuka huiziba kwa nadra. Mti wa namna hiyo hauna haja ya kubadilisha majani yake yote kila mwaka, jambo lenye faida kubwa kwenye udongo hafifu. Basi mtu yeyote wa huko anayetaka tawi bichi la kupambia nyumba wakati huo ana miti michache tu ya kuchagua, na anayetaka mwanga hana budi kuwasha moto au mishumaa, awe amewahi kusikia habari za Saturnalia au hajawahi.

Mti wa Krismasi unathibitisha jambo hilo vizuri. Habari zake za kuaminika hutoka maeneo ya Alsace na Ujerumani katika karne ya 16, na maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanautaja ukiwa umewekwa ndani ya nyumba na kupambwa kwa mawaridi ya karatasi, matufaha, na mikate myembamba. Kati yake na Roma ya kale kuna pengo la zaidi ya miaka 1,000 lisilo na hatua ya kati. Kwa upande mwingine matufaha hayo ni kijisehemu cha ajabu kwenye msonobari, mti usiozaa tufaha, na wanahistoria wengi huyaunganisha na michezo ya kanisa ya zama za kati iliyoigizwa tarehe 24 Desemba, siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, ambapo mti wa bustani ya Edeni ulihitaji kuwa na tunda. Katika karne ya 19 mafundi wa vioo wa Lauscha, Ujerumani, walianza kutengeneza mapambo ya kioo, na mipira myekundu inayoning'inizwa hadi leo imechukua nafasi ya tunda lile. Ushahidi wa nasaba, kwa hiyo, unaelekea kwenye mchezo wa Kikristo kuliko kwenye hekalu la Kiroma.

Tawi linalotundikwa mlangoni Uingereza, ambalo watu hubusiana chini yake, ni la mmea wa kimelea wa jamii ya kirukia, uitwao kitaalamu Viscum album, na una historia ndefu katika biolojia. Katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1859 Darwin aliutumia kama mfano: hujipatia chakula kutoka kwa miti fulani, mbegu zake hazina budi kubebwa na ndege fulani, na maua yake ya kiume na ya kike yamegawanyika hata wadudu wanahitajika kusafirisha chavua, na kwa hiyo haiwezekani kuueleza kwa tabia ya nchi pekee wala kwa hiari ya mmea wenyewe. Tunda lake lina ute unaonata, ambao huigandisha mbegu kwenye tawi ndege anapoitoa. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mmea huu umepoteza hata sehemu ya kwanza ya mtambo wa nishati uliomo ndani ya mitokondria, sehemu ambayo karibu viumbe wote wenye seli nyingi wanaitegemea. Kimelea anayelishwa na mwingine anaweza kupoteza mengi na bado akaishi.

Plinio Mzee, mwandishi wa Kiroma wa karne ya 1, alisimulia jinsi makuhani wa Gaul walivyoukata mmea huo juu ya mwaloni kwa mundu wa dhahabu, lakini aliihusisha ibada hiyo na siku ya sita ya mwezi mwandamo, wala hakutaja busu. Desturi ya kubusiana inaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 18 tu. Kinachounganisha habari hizo mbili ni macho ya binadamu: mti mwenyeji ukishapukutika, kirukia hubaki kijani peke yake juu ya matawi makavu, na matunda yake meupe hukomaa wakati huo huo wa baridi. Jamaa zake wa Afrika Mashariki, wanaochavushwa na chozi na kuota juu ya miembe na michungwa isiyopukutika, hujificha ndani ya majani ya mwenyeji na hawakujengewa sikukuu.

Haya hayamaanishi kwamba hakuna chochote kilichorithiwa. Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anafuatika hatua kwa hatua, kuanzia sikukuu yake ya tarehe 6 Desemba, kupitia Sinterklaas wa Waholanzi mwenye kofia ya kiaskofu, hadi New York, ambako shairi la mwaka 1823 lilimweka kwenye sleji ya kulungu wa Aktiki na mchoraji Thomas Nast akamchora tangu miaka ya 1860. Hiyo ni nasaba kamili, yenye hatua za kati zinazoonekana.

Desturi hata hivyo hutofautiana na jeni kwa jambo moja kubwa, kwamba hazisubiri mzazi na mtoto. Picha ya familia ya Malkia Victoria ikiuzunguka mti wao, iliyochapishwa London mwaka 1848, iliusambaza mti huo miongoni mwa watu wasio na babu yeyote wa Kijerumani. Kwa njia kama hiyo sikukuu ilifika Afrika Mashariki pamoja na wamisionari na walowezi, na katika nyanda za juu za Kenya watu walikata matawi ya saipresi, mti wa Meksiko na Amerika ya Kati uliopandwa kwa ajili ya mbao. Pwani, ambako Desemba ni mwezi wa joto na kila mti ni kijani, rangi ya kijani haiutofautishi mti wowote na mwingine. Huko nafasi ilichukuliwa na mkrismasi, mti wa Madagaska unaofunikwa na maua mekundu mwishoni mwa mwaka, ambao sifa iliyouteua ni kuchanua kwake kwa wakati.