Hyrrokkin

Hyrrokkin ni jitu la kike katika mitholojia ya Skandinavia. Anajulikana hasa kwa tendo moja: aliishua merikebu ya mazishi ya mungu Baldr baada ya miungu wenyewe kushindwa. Jina lake, la Kinorse cha Kale, kwa kawaida hufasiriwa kuwa "aliyesinyaa kwa moto".

Mazishi ya Baldr

Maelezo marefu zaidi yamo katika Edda ya Nathari, kitabu cha Snorri Sturluson wa Iceland kilichoandikwa mnamo 1220 hivi. Baldr, mwana wa Odin, aliuawa kwa hila za Loki. Maiti yake ilipelekwa pwani ili ichomwe ndani ya merikebu yake Hringhorni, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Miungu walijaribu kuishua lakini haikusogea. Ndipo wakatuma ujumbe Jötunheimr, nchi ya majitu, maadui wao wa siku zote, kumwita Hyrrokkin.

Alifika amepanda mbwa mwitu, na hatamu zake zilikuwa nyoka wenye sumu. Aliposhuka, Odin aliita berserki wanne, yaani wapiganaji wenye ukali wa kupita kiasi, wamshike mnyama huyo. Hawakumweza mpaka walipomwangusha chini. Hyrrokkin akaenda kwenye omo, akaisukuma merikebu mara moja tu. Moto uliruka kutoka kwenye magogo ya kuitelezesha na nchi zote zikatetemeka. Thor alikasirika, akashika nyundo yake, na angempasua kichwa kama miungu wote wasingemwombea amani. Snorri haelezi sababu ya hasira hiyo. Ajabu ni kwamba majitu mengi ya barafu na ya milimani yalihudhuria mazishi hayohayo bila kuguswa.

Vyanzo vingine

Snorri hakuibuni hadithi hii. Zaidi ya miaka 200 kabla yake, mshairi Úlfr Uggason alitunga Húsdrápa, shairi linaloeleza picha zilizopamba ukumbi wa chifu Ólafr huko Hjarðarholt, Iceland. Ubeti mmoja unaonyesha jitu la kike la milimani likisukuma merikebu, huku wapiganaji wa Odin wakimwangusha mnyama wake. Jina lake halitajwi humo.

Mshairi mwingine, Þorbjörn dísarskáld, anamweka Hyrrokkin katika orodha ya majitu waliouawa na Thor. Kwa hiyo, ama ile amani haikudumu, au palikuwa na simulizi nyingine ambayo haikutufikia.

Jiwe moja la kumbukumbu ya Hunnestad, katika jimbo la Skåne kusini mwa Uswidi, limechongwa umbo lililopanda mnyama kama mbwa mwitu na kushika nyoka kama hatamu. Watafiti wengi huona kwamba ni Hyrrokkin. Jiwe hilo sasa liko katika makumbusho ya Lund.

Mwezi mmoja mdogo wa sayari Zohali, uliotangazwa mwaka 2006, umepewa jina lake.