Spea Huanza Siku ya Kununua Gari

Kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, hadi Sake ni kilomita 25 hivi. Ukiipita Sake unaanza kupanda milima ya Masisi, ambako mvua moja huifuta kazi ya mwezi mzima. Ukiendelea hadi misitu ya Walikale, tope ndilo barabara. Huko Kilambo ndege ndogo ziliwahi kutua juu ya barabara yenyewe kubeba madini ya bati, kwa sababu kipande hicho kilikuwa na lami. Kwingineko, mzigo wote wa safari huangukia springi na shokapu.

Gari lililozoeleka huku ni Land Cruiser ya familia ya 70. Nyuma ina springi za mabamba ya chuma na shokapu za kawaida, na bamba likikatika fundi wa Sake hulibadilisha chini ya mti. Tatizo huja na magari ya starehe yanayoletwa kwa mtumba, mathalani baadhi ya Land Cruiser 100, ambayo tangu 1998 yaliweza kufungwa mfumo wa kuinua na kushusha bodi kwa mafuta. Hayo hayana shokapu ya kawaida. Pampu husukuma mafuta kwenye mabomba hadi kila gurudumu, na kila tawi lina tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni. Utando wa mpira hutenga gesi na mafuta. Gurudumu likigonga shimo, mafuta huibana gesi, nayo husaidia kuumeza mshtuko.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta spea, tafuta ugonjwa. Gari likiruka kama mkokoteni ingawa halivuji, shuku tufe: gesi imetoroka. Kipimo chake ni rahisi. Soma kina cha mafuta kwenye tangi la mfumo huo gari likiwa limeinuliwa, kisha likiwa limeshushwa. Tofauti ikiwa ndogo mno kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari, matufe yamekwisha. Gari likiinama upande mmoja, anza na kipimo cha kimo kilicho karibu na ekseli. Tope na kutu hukiua mapema, nacho ni cha bei nafuu kuliko pampu. Wengi hununua pampu kumbe kilichokufa ni kipimo.

Ukishajua kilichokufa, usiagize kwa jina la gari. Agiza kwa namba ya chesisi na namba iliyopigwa kwenye kifaa chenyewe, kwa kuwa Land Cruiser mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana chini ya bodi. Piga picha za namba zote mbili, uzitume kwa muuzaji wa Goma, Kampala au Dubai.

Njia za mzigo nazo zina hesabu zake. Mpaka wa Bunagana ulitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, Goma Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Mwezi Machi mwaka huohuo vita vilifika Walikale mjini. Spea iliyotoka Dubai kupitia Mombasa yaweza kufika Goma salama, halafu ikakwama kwenye kilomita za mwisho. Hapo ukubwa wa kifaa ni hoja: tufe hufungwa nyuma ya pikipiki, ila pampu nzima na mabomba yake ni taabu.

Jihadhari na tufe la mtumba. Gesi haionekani, na tufe lililokaa miaka kumi dukani limezeeka hata kama rangi inang'aa. Usitie mafuta ya breki badala ya mafuta ya mfumo huo, maana huharibu mipira ya ndani. Na asikudanganye mtu kufungua bomba kabla mfumo haujatolewa presha.

Wapo wanaoung'oa mfumo wote na kufunga springi nzito na shokapu za kawaida. Kwa anayeishi Masisi, huo si ushamba. Anapoteza kitufe cha kuinua gari na ulaini wa safari; anapata spea inayopatikana njiani.

Hukumu yangu ni hii: mfumo wa mafuta unafaa kwa mwenye gari la pili la kufuatia spea. Asiye nalo, kabla ya kulipia gari, aende kwanza kwa fundi wa njia anayoipita kila siku, aulize ana nini rafuni. Atakachokikuta ndicho kimchagulie gari.