Jino Bovu Kasulu na Kibondo: Safari ya Hospitali Huanza Lini?

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kinachomtoa mtu nyumbani kwenda kutibiwa jino ni maumivu, wala si tundu. Jino huweza kukaa miaka limetoboka bila mwenyewe kulihesabu kuwa ugonjwa, maana anakula, analala na kulima kama kawaida. Likianza kuuma, hutangulia maji ya chumvi, karafuu au dawa ya mizizi, kisha vidonge vya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa muhimu. Maumivu yakipoa safari huahirishwa, na uozo huendelea chini kwa chini.

Maumivu yakirudi, familia hupiga hesabu. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina mtaalamu wa meno, hivyo mgonjwa hulazimika kufika hospitali ya wilaya. Hapo pana nauli ya bodaboda, chakula cha njiani na ndugu wa kumsindikiza. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu hadi 6 ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, haukulipa nauli. Wakati wa kupanda mahindi na maharage, siku moja ya shamba ni ghali. Wengi husubiri mavuno. Mke asiyeshika fedha za mazao husubiri pia kauli ya mumewe.

Hofu nayo ina nafasi yake. Wapo wanaoamini kwamba kung'oa jino la juu huharibu macho, jambo lisilo kweli. Jirani aliyeng'olewa salama hutuliza hofu hiyo kuliko tangazo lolote.

Kwa watoto wachanga, uamuzi mbaya huweza kuua. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto mwenye homa na kuhara hudhaniwa ana “meno ya plastiki”, akapelekwa kwa mganga anayechokonoa ufizi na kutoa vichipukizi vya meno kwa kifaa kisicho safi. Mtoto huachwa na jeraha linaloweza kuleta pepopunda, huku ugonjwa wake halisi haujatibiwa.

Si haki kuwalaumu wanavijiji kwa kuchelewa. Anayejua kwamba mwisho wa safari ni kung'olewa hana sababu ya kuwahi, na kliniki inayopokea meno yaliyokwisha kuoza hubaki na kazi ya kung'oa tu. Inauma zaidi kwa kuwa njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine, kwa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji maalumu ya meno, ilianzia Tanzania hiihii katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji inayotumika sasa kwa kazi hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kituo cha afya chenye vifaa hivyo na tabibu aliyefunzwa kingempa mkulima sababu ya kwenda jino lingali na tundu dogo.

Zipo dalili zisizoruhusu kusubiri mavuno wala nauli ya kesho: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, na shida ya kumeza au kupumua. Hizo ni ishara kwamba usaha wa jino umeanza kusambaa, na mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.