Sudan Kusini: bomba njo linachagua rafiki

Inchi ndogo yenye kuishi na petroli tu, inachagua namna gani watu wa kufanya nao biashara? Tuangalie jirani yetu wa kaskazini, Sudan Kusini.

Ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Wakati ule petroli ilikuwa inaleta karibu 98 kwa mia ya mapato ya Leta. Unaweza kufikiri: mwenye petroli anauzia anayemtaka. Hapana. Inchi haina bahari. Visima viko kwake, lakini mabomba yanapita Sudan, zaidi ya kilometa elfu moja, mpaka Port Sudan. Mwenzake wa kwanza hakumchagua: ni yule yule waliyepigana naye vita miaka mingi.

Januari 2012, Juba ilijaribu kukataa. Khartoum iliomba zaidi ya dola 30 kwa kila pipa. Juba ilitaka kutoa chini ya dola 1. Ikafunga visima, karibu mapipa 350.000 kwa siku. Feza ikakosekana, Leta ikapunguza matumizi, na Aprili 2013 petroli ikaanza kutoka tena, kwa njia ile ile. Februari 2024, vita ya Sudan ikaharibu bomba kubwa. Juba haikukosana na mtu, lakini sehemu kubwa ya petroli yake ikasimama kwa miezi mingi.

Na wanunuzi je? Makampuni ya China, Malaysia na India yaliingia zamani, wakati Sudan ilikuwa bado moja na Marekani iliiwekea vikwazo. Juba iliyarithi. Tena, Leta ikikosa feza inakopa leo na kulipa na mapipa ya kesho. Aliyekopesha njo anabeba petroli.

Sasa niongee kama mtu wa kilimo. Petroli inatokea kaskazini, lakini chakula kinaingia kusini: malori ya unga na mahindi toka Uganda yanapita Nimule. Njo maana mwaka 2016 Juba iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki: ilifuata barabara inayoilisha. Lakini Equatoria ina mvua na udongo muzuri! Bomba likisimama, dola inapotea, na mama wa Juba anaona bei ya unga imepanda. Hekta za mahindi zingempa nguvu kuliko kisima kingine.

Kwa hiyo, kuchagua mwenzako wa biashara hakuanzii kwenye meza ya mapatano. Kunaanzia pale una njia ya pili na kitu cha pili cha kuuza. Bomba la kwenda Lamu, Kenya, linaongelewa tangu 2012, na halijajengwa.

Sisi Wakongomani tusicheke. Shaba na kobalti yetu inapanga mustari Kasumbalesa, na unga wa mahindi unaingia kwa mupaka ule ule. Tukifungiwa pale, tutakula nini?